Dereva na kinga yake

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata kwa yule kijana aliyeshuka na boti ya Mkoani, huko kwenu Pemba. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Mwambie Bi Mkubwa asizililie karafuu zake bado.

Ati gari la wageni limepanda majamvi mawili pale kando ya barabara, karafuu zikasagika, kisha dereva anashusha kioo: "Sisi tuna kinga." Basi akaondoka! Mimi karani wa mahakama, neno hilo nimeshalisikia likivaliwa kama hirizi.

Nusu yake kweli. Maadamu ni gari la Umoja wa Mataifa, Mkataba wa 1946 wa kinga za Umoja huo unamkinga mtumishi asishitakiwe kwa aliyoyasema na kuyatenda akiwa kazini. Akenda matembezini kwa shughuli zake, hilo si la kazi. Kinga ya kibalozi, iliyo pana zaidi, wanayo Katibu Mkuu na wasaidizi wake wakuu, si kila aliyeshika usukani. Tena mkataba wenyewe unasema kinga ni kwa maslahi ya shirika, si kwa faida ya mtu, na Katibu Mkuu ana haki na wajibu wa kuiondoa ikizuia haki kutendeka, maadamu shirika halidhuriki. Shirika nalo limefungwa kuweka njia ya kumaliza madai ya watu kama nyinyi.

Lililonichekesha ni hili: mwaka huo huo wa 1946 Baraza Kuu la Umoja huo liliona magari ya watumishi yanaleta matatizo barabarani, likaagiza yakatiwe bima ya kulipa wanaoumizwa. Karafuu za Bi Mkubwa walikuwa hawazijui, lakini!

Kwa hiyo msikimbilie kumshitaki dereva. Nendeni kwa sheha, aandike siku, saa, namba ya gari, na walioshuhudia. Zilizosagika msizitupe, ziwekeni guniani na alama za matairi mzipige picha kabla ya mvua. Barua ya madai ipelekwe ofisini kwao, nakala Wizara ya Mambo ya Nje, maana mambo hayo ni ya Muungano, ofisi ya wizara ipo hapa Unguja, nitaipeleka mwenyewe.

Pishi zilikuwa ngapi hasa? Bi Mkubwa namjua, atataka kuongeza mbili tatu. Mzuie, wakikamata uongo mmoja tumekwisha. Nitumie hesabu kwa boti ijayo, na unitilie makonyo ya karafuu kidogo ya kufukizia.

Mwenzio wa Unguja