Kisite: Tunahesabu viota asubuhi, wageni wanavikanyaga mchana

Mhariri,

Upepo wa kusi ukikolea, ndege wa baharini aitwaye buabua huja kutaga Kisite, nasi manahodha wa Shimoni huitwa kuwapeleka wanaokwenda kuhesabu viota. Hesabu hiyo naiunga mkono. Kinachonikera ni kinachofuata wahesabuji wakishang'oa nanga.

Kisite ni kisiwa kidogo cha mwamba wa matumbawe, hakina mkazi wala maji ya kunywa. Kimo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka wa 1973. Wageni wengi hufuata pomboo na samaki wa rangi rangi, lakini wanaojua ndege humfuata buabua yule ambaye msimu wa kutaga kifua chake huingia rangi ya waridi. Huyu hajisumbui kujenga. Hutaga yai moja au mawili juu ya jiwe tupu, na yai lenyewe lina rangi ya jiwe na madoa meusi. Unaweza kulikanyaga huku unalitazama.

Ndiyo maana kuhesabu kuna adabu zake. Tunafika jua halijapanda. Kundi la kwanza hupita kwa mstari likiweka kijiti kilichopakwa rangi kwenye kila kiota, mmoja akiandika: yai moja, mawili, kifaranga. Kundi la pili hupita nyuma yao na kuhesabu vyenye vijiti na visivyo navyo, na hapo hujulikana wa kwanza waliruka vingapi. Halafu haraka mashuani! Ndege akiinuka, yai limebaki juani, na mwamba ule ukishapata jua hata mguu wa mvuvi hauuwezi.

Sasa saa nne boti za watalii zinaanza kufika. Nahodha mwenzangu mmoja, jina lake naliacha, nilimwona akiwateremsha wageni juu ya mwamba wapige picha katikati ya ndege. Buabua wote wakainuka kwa kelele, wageni wakapiga makofi. Kaa nao hawakupiga makofi, walikwenda moja kwa moja kwenye mayai. Vile vijiti tulivyohesabia vilikuwa na faida gani?

Barazani nasikia wengine wakisema buabua wamekwisha kwa sababu kuna miaka hawaonekani. Si lazima wawe wamekwisha. Ndege huyu akisumbuliwa huhama mwamba, na kwenye visiwa vya Kiunga kule Lamu pia hutaga. Kwa hivyo Kisite ihesabiwe mwezi mmoja na Kiunga, la sivyo tutawalilia ndege walio hai au tutajisifu kwa ndege waliotukimbilia kutoka kwingine.

Na asidhani mtu haya ni mambo ya wazungu na darubini zao. Mvuvi wa mshipi anayetafuta jodari hutazama juu kwanza. Akiona buabua wanajitupa majini mahali pamoja, anajua chini kuna samaki wakubwa wanaowapandisha dagaa, na huko ndiko anakoelekeza chombo.

Ombi langu ni kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kwa sisi wenye vyombo. Kuanzia Juni hadi Oktoba asikanyage mtu mwamba wa Kisite isipokuwa wahesabuji. Hakuna atakayepoteza mkate wake: matumbawe yako majini, mgeni ataogelea kama kawaida, na ndege atawaona akiwa amekaa mashuani. Tena hesabu ikishapatikana isomwe hapa bandarini, mbele ya BMU, yaani kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, na manahodha wote. Nahodha akijua mwaka huu kuna viota vingapi, atamzuia mgeni mwenyewe bila kusubiri askari.

Kamba na vibao vichache vinatosha kuanzia. Mashua ya kuvipeleka ninayo, na siku hiyo sitadai nauli.

Nahodha wa mashua,
Shimoni, Kwale