Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Ramani Kwanza, Sururu Baadaye

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Jiografia tunakukaribisha shuleni kwetu na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mgeni rasmi, mwaka huu tulijifunza kuisoma ramani ya jiolojia ili kujua shimo la kunyonya majitaka lichimbwe wapi, na hasa lisichimbwe wapi. Mara nyingi mahali huchaguliwa kwa kuwa pako nyuma ya jengo, hapaonekani. Mwamba hauulizwi. Na shimo hili haliyahifadhi majitaka, linaiachia ardhi iyachuje, kama inaweza.

Tulianza na rangi, kwani katika ramani hii kila rangi ni aina ya mwamba au udongo. Penye udongo wa mfinyanzi maji hayazami, shimo hufurika. Penye changarawe yanazama upesi mno, hayachujiki. Lakini rangi iliyotutia hofu ni ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua huyamumunya mawe hayo polepole, miaka nenda miaka rudi, hadi nyufa zinakuwa mifereji. Majitaka yakiingia humo hufika kisimani karibu vilevile yalivyotoka chooni. Huko Walkerton, Kanada, Mei 2000, mvua kubwa ilipeleka vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi chenye mwamba wa nyufa, na klorini haikutosha kuviua. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, 7 wakafariki. Ilikuwa samadi, si choo, lakini mwamba wa nyufa hautofautishi.

Kisha tukakutana na suala la skeli. Katika ramani ya 1:50,000, milimita 1 ni mita 50 ardhini. Tulipotia nukta ya penseli mahali pa shimo, nukta ile ilimeza shimo, kisima na zile mita 30 zinazoshauriwa kuvitenganisha! Hapo ndipo tulipoelewa kuwa ramani hutusaidia kukataa mahali, kukubali ni kazi nyingine. Panapobaki, ni lazima kuchimba shimo la majaribio, kulijaza maji, kuacha ardhi ilowe kwanza, kisha kulijaza tena na kupima kwa rula maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Kitako cha shimo kiwe walau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, nayo yapimwe wakati wa mvua, yakiwa yamepanda.

Mheshimiwa, ramani yetu ni moja, nayo imechanika penye kunjo, palepale unapopita mstari wa ufa mkubwa wa mwamba. Tunaomba utusaidie kupata nyingine ya skeli kubwa zaidi, utepe wa kupimia, sururu na koleo. Tunakuomba pia, popote utakapoketi kuidhinisha ujenzi, uulize ramani ya jiolojia iko wapi kabla hujatia sahihi.

Tunaomba kuwasilisha.