Mwanangu, usichague mkoa kwa hadithi zangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Huku hatujambo. Mgongo unaendelea na vituko vyake lakini usiku nalala, kwa hiyo usianze kunipigia kila saa.

Jumapili tuliongea dakika arobaini nzima na sikukwambia lolote la maana. Kila ukitaja Bukoba nilikuwa nacheka, na kila ukitaja Mtwara nilikuwa nauliza kama mjukuu wangu amekula. Nilipoweka simu chini nikajishtukia. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana kwenye simu mimi na wewe hukatizana.

Umepata kazi mbili kwa mkupuo, jambo ambalo wenzako waliomaliza nawe chuo kikuu cha kilimo, SUA, wanaliota tu: kiwanda cha kubangua korosho Mtwara na wanunuzi wa kahawa Bukoba. Ukasema moyo umeshaangukia Bukoba. Nikauliza kwa nini, ukanijibu, "Mama, si wewe mwenyewe?"

Kumbe ni mimi. Tangu una akili zako umenisikia nikisimulia ziwa, na senene, wale panzi wa kuliwa, wa Novemba, na majirani wanaoleta mkungu wa ndizi bila kuombwa. Mtwara nimekusimulia nini? Una habari kwamba niliishi kule kwa sababu ya kile kinyago kilichopo juu ya kabati, basi. Miaka minne ya maisha yangu, na huna hata hadithi moja. Sasa nakuona unataka kuhamisha mume na mtoto kwa sababu mama yako alikuwa msimuliaji mzuri wa upande mmoja. Acha nikumalizie vile vipande nilivyoruka.

Nianze na Bukoba. Ulizaliwa Novemba 1997, mvua za El Niño zikiwa zimefungua bomba. Siku zote nakwambia ulizaliwa msimu wa senene, na ni kweli, watu walikuwa wanawakaanga na harufu inaingia mpaka wodini. Sikuwahi kukwambia habari za nepi. Hazikukauka. Tulifunika tenga juu ya jiko la mkaa, tukazitandaza juu yake, na mimi usiku nakaa kwenye kigoda nazigeuza kama chapati, huku nikiogopa moshi usikupige kifuani. Viatu vya baba yako vya kanisani viliota ukungu mweupe ndani ya kabati. Godoro tulilitoa nje kila jua lilipochungulia. El Niño ilizidisha, sikatai, lakini Bukoba ni mahali pa mvua hata mwaka wa kawaida. Ule ukijani unaoupenda kwenye picha hauji bure. Na mjukuu wangu ana kifua. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, naomba hilo usilipite haraka.

Halafu kuna lugha. Wahaya ni watu wakarimu, na Kiswahili chao ni kizuri, wamesoma kuliko wengi wetu. Ila mazungumzo yenye utamu yanafanyika kwa Kihaya. Unakaa barazani, wanacheka, unacheka nao, hujui kilichochekwa. Watakuita mnyamahanga, mtu wa kutoka nje, bila ubaya wowote, lakini utaitwa hivyo mwaka wa kwanza na mwaka wa saba. Mimi nilizoea kwa sababu nilikuwa na baba yako, na kwa sababu ya misiba.

Hili la misiba sijawahi kukaa nawe nikalisema. Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne, niliingia zamu asubuhi. Usiku uliotangulia meli ya MV Bukoba ilikuwa imeondoka kwenda Mwanza imejaa watu na ndizi, kama kawaida yake. Kabla ya saa sita mchana mji mzima ulikuwa unajua kwamba imezama ikiwa imekaribia kufika. Mamia ya watu. Ulikuwa ukitembea mtaani unasikia kilio nyumba hii, unapita mbili, unasikia kingine. Mwenzangu wa zamu hakuwa na mtu ndani ya meli, lakini alivua kofia ya kazi akakaa chini sakafuni, akabaki hapo. Wiki zile ndipo nilipojifunza kuingia nyumba ya mtu na kuni kichwani bila kusema neno, na ndipo waliponifungulia milango. Upendo wangu kwa Bukoba ulianzia pale. Wewe utaanza na nini sijui, na siombi uanze na hilo.

Sasa Mtwara.

Nilipangiwa kazi Newala mwaka 1987, nina miaka 22, cheti cha uuguzi hakijapoa mkononi. Daraja la Mkapa halikuwepo, lilifunguliwa mwaka 2003. Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua ikikolea barabara inafungwa, unakaa upande ulipo. Barua ya bibi yako ya kunitakia Krismasi niliipata Februari.

Newala iko juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, na maji yako chini bondeni. Wanawake walishuka alfajiri na ndoo, wanarudi jua kali. Mimi nilikuwa na majivuno ya kijinga. Nilikuwa nimekulia chini ya milima ya Uluguru, maji yanapita kando ya nyumba, nikaona watu wanaooga kwa kikombe ni watu wasiojua kuishi. Mwezi wa pili nilikuwa naoga kwa kikombe na nusu. Jirani yangu, mama wa makamo, alikuwa na tangi la saruji la kukinga mvua. Alinipa ndoo moja kila siku ya tatu, na hakuchukua senti yangu hata moja. Mimi nikamlipa kwa kuwa mkimya na mwenye uso wa kununa.

Kituoni walikuja wanawake wenye vidole vilivyobabuka. Korosho zilichomwa kwenye debe lililotobolewa, mafuta ya ganda yanawaka na kuruka, kisha zinapondwa moja moja kwa kijiti. Yale mafuta yanaunguza ngozi kama tindikali, na weusi wake hautoki kwa sabuni. Walikuwa wanapaka majivu kwanza, ndiyo kinga yao. Wewe utaingia kwenye hiyo kazi na glavu na koti jeupe, lakini kazi yote ya kiwanda chako imetoka kwenye vidole vile. (Bukoba nako nilichafuka mikono, utomvu wa ndizi, hadi nilipoambiwa nijipake mafuta kabla ya kumenya.)

Niliondoka Newala mwaka 1991 kama mtu anayetoroka. Kwa miaka nikijiuliza nilichukia nini kule, jibu lilikuwa Mtwara. Sasa nimezeeka najua nilichukia upweke wa msichana wa miaka 22 asiyejua kukaa na watu. Mkoa haukuwa na kosa. Tena Wamakonde tungepatana sana, maana kwao kama kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama, na mjomba ni mjomba kweli. Sikukaa kitako nikalijua hilo.

Siku hizi Kusini si ile. Lami ni kutoka Dar hadi Mtwara, kama kilomita 560, mtu anaondoka Mbagala alfajiri na jioni yuko Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay inakuja Dar kwa bomba tangu 2015, na kabla ya hapo, mwaka 2013, watu wa Mtwara waliingia barabarani kuipinga safari hiyo ya gesi. Ukifika usikurupuke kuichangia mada hiyo kabla hujajua unayeongea naye amepoteza nini. Barabara yenyewe bado ina kichwa chake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata njia pale Somanga, mabasi yakalala huku na huku. Lakini pima hivi: kutoka hapa nilipo, Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,200, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, unafika miguu imevimba. Ile laki mbili ambayo Bukoba wanakuongezea kwa mwezi, ipigie hesabu ya watu watatu kuja nyumbani Desemba na kurudi, halafu msiba mmoja wa ghafla, halafu uniambie imebaki ngapi.

Na mkwe wangu je? Nimekusikia ukisema "atapata tu." Yeye ni fundi wa injini za malori. Makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashushwa bandari ya Mtwara, malori yanapishana mchana na usiku, na kila lori likiharibika lina mwenyewe anayelia. Bukoba malori yapo, yanaelekea Mutukula, mpakani na Uganda, lakini gereji za kule zina wenyewe na wateja wao wa miaka. Mwanamume akikaa nyumbani miezi sita mkeo— samahani, mkewe akiwa kazini, nyumba inabadilika sauti. Nimeona kwenye nyumba nyingi, hata zenye upendo.

Usidhani nimegeuka mpiga debe wa Mtwara. Korosho ina matatizo yake na wewe mwenye digrii unayajua kuliko mimi. Sisi tuliokuwa kule tuliona viwanda vya korosho vimejengwa vikubwa vikasimama, geti lina kutu, mlinzi analima mihogo ndani ya uzio. Vilikuwa 12 mikoa yote. Korosho ghafi inanunuliwa mnadani na kupakiwa meli kwenda India na Vietnam, na bei ikiwa nzuri mbanguaji wa hapa nyumbani anabaki na mashine bila mali. Kwa hiyo waulize hao waajiri wako swali moja: mwezi wa Juni mwaka jana mashine zilikuwa zinazunguka? Usiridhike na jibu la ofisini. Muulize mlinzi.

Bukoba pia waulize kahawa yao wanaipataje. Kule kuna butura, mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa sababu mtoto kafukuzwa ada. Kusini mwenzake ni kangomba, mchuuzi anapita vijijini na kibakuli kununua korosho kwa bei ya njaa kabla ya mnada. Ni jambo moja lenye majina mawili. Kama kampuni yoyote kati ya hizo inaishi kwa mlango huo wa nyuma, wewe afisa ubora ndiye utakayetakiwa kusaini makaratasi.

Na kifua cha mtoto: Kusini kati ya Mei na Agosti wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Vumbi la njano linaelea, macho yanawasha, watoto wanakohoa. Mjini Mtwara upepo wa bahari unasaidia, lakini msikubali nyumba ya pembeni iliyozungukwa na mikorosho hata kama kodi ni nusu.

Ukinibana useme niamue mimi, nitasema Mtwara, kwa ajili ya mumeo na kwa ajili ya barabara. Moyo wangu utakuwa unalia Bukoba wakati nasema, nawe utausikia kwenye sauti. Kwa hiyo usiniulize. Nenda ukaone, na uende mwezi mbaya. Kila mtu anakwenda Mtwara Novemba, korosho zimeuzwa, pikipiki mpya kila kona, ngoma za watoto waliotoka jando zimesikika hadi zimechosha. Wewe nenda sasa hivi, mwezi wa tatu, hela ya msimu imeisha, mahindi hayajakomaa, mwenye duka ana daftari la madeni limevimba. Ukiona unaweza kukaa na watu wa Mtwara Machi, umepata mji. Bukoba nenda Aprili, ulale siku nne, ufue nguo za mtoto uone zinakauka lini. Waajiri wote wawili wanataka jibu mwisho wa Aprili, muda unatosha.

Nimekutumia nauli ya safari zote mbili kwenye simu, usiirudishe. Mchukue mumeo angalau ile ya Mtwara, apite bandarini asikilize injini.

Na ukifika Mtwara, kama utapata siku ya ziada, panda gari hadi Newala. Nyuma ya kituo cha afya kulikuwa na nyumba yenye tangi la saruji na mwembe mmoja mkubwa. Mama yule akiwa hai atakuwa na miaka themanini na kitu. Mwambie wewe ni mtoto wa yule nesi wa Morogoro aliyekuwa hacheki. Mpelekee khanga doti moja, ile ya rangi ya hudhurungi niliyoiacha kwako. Na usisahau kumwambia kwamba ndoo zake nazikumbuka.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako