Reguleta Ikifoka Kwenye Maji ya Baridi

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia kwamba hapo Leicester umeshapata watu wa kuzamia nao. Lakini uliposema mnakwenda Stoney Cove, lile chimbo la mawe lililojaa maji, mwezi wa Februari, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Nimezamia pale. Maji yake majira hayo ni nyuzi 5 hivi. Sisi tumekulia kwenye maji ya vuguvugu ya Mnemba, hapa Zanzibar, na huku reguleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, ikifoka hewa, mara nyingi ni mchanga, chumvi iliyokauka ndani au vali iliyolika. Huko adui ni barafu.

Hewa inatoka mtungini kwa shinikizo la bar 200, inashuka ghafla hadi bar 10 hivi kwenye ile sehemu ya kwanza inayofungwa mtungini, na ikishuka hivyo inapoa vibaya sana. Maji nayo yakiwa ya baridi, barafu hujijenga pale na vali haifungi tena. Reguleta imeundwa iachie hewa inapoharibika, isiikate, kwa hiyo pumzi utaendelea kuipata. Kinachokimbia ni mtungi: mita 30 chini, mtungi mzima waweza kwisha kwa dakika chache tu.

Pale pale Stoney Cove nilimwona mwenzangu mmoja ikimtokea. Mapovu yalimfunika uso mzima, maski ikawa inatetema, na kelele ile humfanya mtu atake kuitema reguleta. Hakuitema. Aliishika kwa mkono, akalegeza midomo upande mmoja ili hewa ya ziada ipite, akawa anavuta anayoihitaji tu, kama mtu anayekunywa kwenye bomba lililofunguliwa mpaka mwisho. Fanya hivyo hivyo. Usiung'ate mpira ukaziba mdomo, na usizuie pumzi hata kidogo.

Halafu mwite mwenzako mara moja, uchukue reguleta yake ya akiba wakati mtungi wako bado una kitu. Hapa usikae, sahibu. Watu wawili wakivuta kwenye mtungi mmoja katika baridi ile, reguleta ya mwenzako nayo yaweza kuganda. Pandeni pamoja, si zaidi ya mita 9 kwa dakika.

Kabla ya yote, kagua hiyo reguleta utakayoazima. Ukiona imeandikwa ">10°C", irudishe. Maana yake ni ya maji yanayozidi nyuzi 10, haikupimwa kwa baridi ya huko. Ukiwa nchi kavu kwenye upepo wa baridi usiivute ovyo wala usikibonyeze kile kitufe cha kati cha kuachia hewa. Jaketi la kuelea ulijaze hewa kidogo kidogo, na si wakati unavuta pumzi. (Ile ya akiba ikifoka unaporuka majini ni jambo dogo: geuza mdomo wake uangalie chini, itanyamaza.)

Unakumbuka lile zoezi la sekunde 30 tulilofanyishwa kwenye kozi, la kuvuta hewa kwenye reguleta inayofoka? Waombe ulirudie kwenye bwawa la kuogelea wiki hii, ukiwa umevaa zile glavu nene, maana vidole havifanyi kazi sawa ndani yake.

Nitumie picha ya reguleta hiyo kabla hujailipia.

Sahibu yako,
Nungwi