Laini ya simu ni mtoto, posa ni mtu mzima

Mhariri,

Nanunua gazeti lako tangu likiuzwa shilingi mia mbili na sijawahi kukuandikia, hata mlipochanganya habari ya soko letu na ya wilaya nyingine. Ila ile ya Jumanne, kwamba aliye chini ya miaka 18 hana akili ya kujiamulia jambo, imenikaa kooni.

Ninaishi na mjukuu wangu wa miaka 17. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Alfajiri anawaandaa wadogo zake kwenda shule, jioni anaandika daftari la kikoba chetu, maana kina mama kumi na tisa tumekubaliana hakuna mwenye hesabu safi kama zake. Ijumaa tukaenda kumsajilia laini. Kijana wa dukani akasema huyu hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni mtoto, laini isajiliwe kwa mlezi. Haya, mlezi ni mimi. Nikaweka kidole, hakisomi. Cha pili, hakisomi. Miaka thelathini na mbili ya cherehani imezila alama zote. Eti nipake mafuta! Hizo mashine zilijaribiwa kwa vidole vya nani, vya makarani? Anayelima, anayefua, anayeponda kokoto, wote tunasuguliwa vidole kwa kitambaa kama masufuria ya shughuli. Andikeni na hilo.

Tukarudi mikono mitupu. Jumapili, Mhariri, akaja mshenga. Yule yule aliyekuwa mtoto Ijumaa, Jumapili ameshakuwa mke wa mtu! Nikamwuliza, umri wake mmeuona? Akanijibu kwa upole kabisa kwamba shule amemaliza na sheria inaruhusu. Na kweli inaruhusu. Sheria ya Ndoa ya 1971: binti miaka 15, mradi mzazi aridhie, mvulana yeye angoje 18, huenda akili zake zinachelewa njiani. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Mwaka mmoja gani huo usiokwisha? Kura hapigi, laini hapewi, lakini kuzaa, kumpikia mama mkwe na kuendesha nyumba ya mwanamume wa miaka 34, hayo anaweza. Na kuulizwa hakuulizwa. Niliulizwa mimi. Yeye alikuwa jikoni akiwachemshia wageni chai.

Nimempa mshenga sharti. Huyo bwana ampeleke binti dukani, laini isajiliwe kwa jina la binti mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, bila mlezi. Wakifanikiwa, nitaifungua barua ya posa. Mshenga alicheka, akadhani namtania. Barua ipo kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo.

Bibi Mshonaji,
Muheza, Tanga