Mlituuzia ufuo uliozama: barua ya malalamiko kuhusu mabanda ya Naivasha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Westlands, Nairobi.

Bwana/Bibi,

MINT: MABANDA YA "UFUONI" NAIVASHA NA DAI LA KURUDISHIWA FEDHA

Nililipa kwa M-Pesa, na risiti mnayo, mabanda mawili katika kambi mliyoitangaza kuwa ya familia, inayoendeshwa na familia, kando ya Ziwa Naivasha. Tangazo lenu lilituahidi kulala "hatua chache kutoka majini" na kula "meza moja na wenyeji wetu". Tulikwenda likizo ya Agosti, mimi, mume wangu, watoto na mama yangu mzazi. Wenyeji hatukuwakuta mezani. Ufuo hatukuukuta kabisa. Nadai fedha za mabanda na za boti, na nitaeleza kwa urefu kidogo, maana jinsi nilivyojibiwa kwa simu ilinionyesha kuwa aliyenijibu hajawahi kukanyaga mahali anapopauza.

Kambi hiyo naijua tangu nikiwa msichana. Watu wa mitaa ya Buruburu na Umoja, Nairobi, walikuwa wakipeana habari zake kwa mdomo, kwa sababu wenyewe hawakuwahi kuweka hata kibao cha maana barabarani. Anasa haikuwepo. Maji ya kuoga yalichemshwa kwa kuni ndani ya pipa, na ukichelewa unakuta wenzako wameshayamaliza. Chakula hukuchagua, ulikula kilichopikwa, na kilichopikwa kilitegemea wavuvi wameamka na nini. Mama mwenye nyumba aligonga sufuria kwa mwiko, watoto wakatoka vichakani kama vifaranga walioitiwa mtama. Mzee wake, alipokuwa hai, ndiye aliyekuwa nahodha, fundi wa mabomba na mwamuzi wa ugomvi wa watoto wa watu. Siku ya kuondoka uliandikiwa hesabu kwenye karatasi ya daftari, na mara nyingi ilikuwa chini ya ile uliyokuwa umejiandalia moyoni.

Nayataja haya kwa kuwa ndiyo bidhaa mliyoniuzia. Hakuna neno katika tangazo lenu ambalo halikutoka humo. Hata ile sufuria na mwiko wake mmeviweka kwenye picha ya pili.

Nianze na ziwa, maana hapo macho yanatosha. Naivasha ni ziwa la maji baridi lisilo na mto unaotoka. Maji hupenya chini kwa chini, na mvua zikizidi huko Nyandarua, Mto Malewa hulijaza likatanuka. Mwaka 2020 lilipanda pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, Baringo na Nakuru yakiwemo, likaingia mtaa wa Kihoto watu wakahama makwao. Mwaka 2025 likaingia Kihoto tena. Nani hapa Nairobi hakuyaona kwenye taarifa za saa moja usiku? Kwa hivyo gati kuzama hakukunishangaza, wala siwadai kwa sababu ya mvua. Migunga ile yenye gome la manjano, ambayo mmoja wao ulikuwa na bembea, sasa imesimama majini ikiwa mikavu, na ndege wa majini wanaanika mbawa kwenye matawi yake. Palipokuwa na bustani ya nyasi pana mafunjo na gugu maji. Ni huzuni, lakini ni kazi ya Mungu.

Picha ni kazi yenu. Zote mlizoweka zinaonyesha bustani ile, gati lile, migunga ile ikiwa mibichi na bembea yake. Hizo zilipigwa kabla maji hayajapanda, na anayezitumia leo kuuza kitanda anafahamu hivyo. Tena sikulipa kwa upofu. Nilipiga simu kwanza nikauliza kama maji hayajafika kwenye mabanda. Kijana wenu akanijibu kwamba "yamesogea kidogo tu, na inapendeza hata zaidi".

Yamesogea hadi juu ya mabanda. Kutoka mlangoni petu tuliona paa moja la makuti limetokeza, halafu maji. Mabanda mliyotupa ni mapya, ya mabati na mbao, yaliyosukumwa nyuma hadi karibu na ua wa Barabara ya Moi South Lake, ambako malori na mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua yanaanza kupita kabla jogoo hajawika. Mtoto wangu mdogo aliniuliza kama tumerudi Jogoo Road.

Hata hivyo kelele za barabara ningezisamehe. Lililonifanya niandike ni viboko.

Kiboko hushinda majini na hutoka usiku kutafuta nyasi. Kila mtu wa Naivasha analijua hilo, na ndiyo maana zamani kulikuwa na waya wa umeme ukingoni: kiboko alikula upande wake, sisi tukalala upande wetu. Nguzo za waya huo sasa ziko ndani ya ziwa, ncha zake zinaonekana. Hamkuweka mwingine. Nyasi zilizobaki kambini ni zile zilizo mbele ya mabanda, na choo, ambacho tangazo lenu linakisifu kuwa "cha mtindo wa asili", kiko nje, ng'ambo ya nyasi hizo hizo. Ni nani alichora ramani hiyo akaona iko sawa?

Usiku wa kwanza mama yangu alifungua mlango aende msalani. Askari akammulika kwa mbali, akamwambia kwa sauti ya chini, "Shosho, rudi ndani polepole, usikimbie." Kiboko alikuwa kati ya mlango na choo, anakula bila haraka yoyote. Mama ana magoti mabovu. Kukimbia asingeweza hata angetaka. Basi akatumia ndoo, mtu mzima wa umri wake, ndani ya chumba alicholala na wajukuu. Asubuhi hakulizungumzia. Aliomba tu chai yake iletwe ndani, na tangu hapo jioni zote zilizofuata hakunywa kitu chochote baada ya jua kutua, ili asije akahitaji kutoka.

Askari ni huyo mmoja kwa kambi nzima. Ndiye anayefungua lango, ndiye anayewasha moto wa maji ya kuoga, ndiye anayefukuza viboko, kwa tochi aliyoinunua mwenyewe. Nilimwuliza kama kampuni haijampa hata filimbi, akacheka. Mtu huyo ndiye aliyetulinda, na natumaini hamtasoma sentensi hii mkaenda kumwuliza kwa nini aliongea na mgeni.

Meneja wenu wa pale nilimpelekea habari hizi asubuhi. Jibu lake lilikuwa kwamba wageni kutoka nje "hulipa zaidi ili waone wanyama karibu". Wanaolipia hivyo huwaona kutoka kwenye gari au kwenye boti, Bwana Meneja, si wakiwa wameshika karatasi ya choo mkononi.

Sasa wenyeji. Mama mwenye nyumba yupo hai na ana nguvu zake. Anakaa nyumba ya nyuma, ng'ambo ya matangi ya maji. Alikuja jioni kutusalimu, akanishika mkono akaniuliza habari za marehemu baba yangu, akimtaja kwa jina. Ndipo nikasikia kwamba familia iliwakodisha nyinyi kambi baada ya maji kuchukua mabanda, na kwamba haruhusiwi kuingia jikoni wakati kuna wageni. Nikadhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu. Nikamwuliza meneja, naye akanithibitishia bila kupepesa macho: ni suala la viwango. Yaani mwanamke ambaye mwiko wake uko kwenye tangazo lenu amekatazwa kuushika.

Sina shida na familia kukodisha mali yake. Shamba limeingia maji, watoto wanahitaji karo, mtu afanyeje? Shida yangu ni nyinyi kuendelea kuandika "inayoendeshwa na familia" na kuongeza bei kwa sababu ya maneno hayo, huku familia yenyewe imewekwa nyuma ya matangi.

Na viwango vyenyewe vilitupa nini? Bafe. Wali, kuku wa mchuzi uliopoa, kabeji, na samaki aliyegandishwa ambaye, kwa maelezo ya wahudumu, huja na gari lenu kutoka Nairobi. Alishuka mteremko wa Mai Mahiu njia moja nasi! Wavuvi wanatua Kamere, kwenye barabara hiyo hiyo ya kambi. Mume wangu alipanda boda akaenda huko, akarudi na tilapia wabichi, lakini mpishi akaogopa kuwagusa kwa kuhofia kazi yake. Mama mwenye nyumba akawachukua, akawakaanga kwake, tukawala mlangoni pake kwa ugali na sukuma wiki, tumekalia vigogo, na mama yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Hakutaka hata shilingi. Bafe ambayo hatukuigusa siku hiyo mlitutoza yote. Na kama mnatafuta kosa la mama huyo, lilitendeka nyumbani kwake, si jikoni kwenu.

Yapo mengine ambayo sitayachimba sana. Kuni za moto wa jioni zilikuwa "zimejumuishwa" kwenye tangazo, tukazilipia kila mzigo. Na Agosti Naivasha ni baridi, huwezi kumwambia mzee akae bila moto. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 havikuwemo kwenye bei tuliyoonyeshwa, vikachomoza siku ya kuondoka. Kukawa pia na "mchango wa mazingira" ambao hakuna aliyeweza kuniambia ni mazingira gani yanayochangiwa, maana waya wa viboko haukununuliwa.

Boti tuliilipia mapema. Tulipofika kupanda, jaketi za kujiokolea zilikuwa za watu wazima peke yake. Nilimvalisha mtoto mmoja ikampita kichwani. Katika ziwa lenye viboko na miti iliyozama sikuwa tayari kuwapandisha. Nahodha mwenyewe, kijana mwenye akili, alisema nimeamua vyema, na kwamba amewahi kuomba za watoto. Kwenye hesabu yenu mkaandika "mteja alikataa huduma", na fedha zikabaki kwenu.

Niliporudi Nairobi niliwaandikia ujumbe. Mlinijibu "Mpendwa Mteja, tunathamini maoni yako", mkanipa punguzo la asilimia 15 nikienda hoteli yenu nyingine Diani. Sikuomba kwenda Diani. Mtu aliyeuziwa maziwa yaliyoganda hapewi punguzo la kununua mengine dukani humo humo, anarudishiwa pesa zake.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie malipo yote ya mabanda mawili, kwa kuwa si yale mliyoyatangaza na hayakuwa salama, pamoja na fedha za boti na za kuni. Chakula tulichokula sikidai, hata kama kilistahili kudaiwa. Ondoeni picha za zamani leo, si mwisho wa msimu, kwa sababu likizo ya Desemba inakuja na kuna mtu mwingine anapanga kumpeleka mama yake. Waya wa viboko uwekwe kabla hamjapokea mgeni mwingine. Kama hamwezi, fungeni mabanda yaliyo karibu na nyasi. Na neno "familia" mlifute, au mumrudishe mama yule jikoni akitaka mwenyewe. Msiniambie ni vigumu. Ninyi ndio mliomtoa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nayo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia akipata hasara. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki. Picha ya bustani iliyo chini ya maji ni maelezo ya namna hiyo, na jibu la "yamesogea kidogo tu" ni jingine. Simu yenu hutangaza kwamba mazungumzo yanarekodiwa, kwa hivyo lisikilizeni.

Nawapa siku 14 tangu mnapoipokea barua hii. Zikipita, nakala itakwenda kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, nami nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nimeshaandaa picha zangu, za nguzo zilizo majini na za nyayo za kiboko mbele ya mlango wa mama yangu, pamoja na nakala za tangazo lenu jinsi lilivyokuwa siku niliyolipa, endapo litabadilika ghafla.

Askari, mpishi na nahodha nimewataja kwa kuwa walitutendea wema. Nikisikia mmoja wao amepoteza kazi kwa sababu ya barua hii, hilo nalo nitaliongeza kwenye dai.

Fedha zitumwe kwenye nambari ya simu iliyolipa. Kabla hazijafika, naomba msinipigie kuniuliza nitawapa nyota ngapi. Mmeshanipigia, na mlipiga mama akiwa amelala.

Mteja wenu,
(Jina na nambari ya simu ziko kwenye risiti ya M-Pesa niliyoambatisha.)