Barua kwa wazazi: kufunga muhula, na ile ishu ya chupa za jemu

Wazazi na walezi, habari za majukumu.

Ijumaa tunafunga, ripoti mtachukua kwa mwalimu wa darasa, na mwenye deni la chakula apite ofisini tuongee tu, hamna ugomvi. Sasa niseme hili maana simu zimezidi, mara "mwalimu mbona mwanangu kabeba chumvi", mara "choya yangu imeenda wapi".

Ni hivi, maabara yetu mnaijua, vifaa vya dukani bei imetushinda, kwahiyo mwalimu wa baiolojia kaamua vijana wajifunzie na vitu vya jikoni. Ndizi mbivu unaiponda na chumvi, maji na sabuni ya vyombo, unachuja, unamiminia spiriti ya baridi taratibu pembeni, mara unaona nyuzi nyeupe zinapanda juu, ndo DNA hiyo, yaani vinasaba vya urithi, na mimi wa hesabu nilibaki mdomo wazi. Choya inapima asidi, kwenye limau inabaki nyekundu, ukitia magadi inaenda kijani kijani.

Ila kubwa ni agaraga, hiyohiyo ya kupikia jeli. Kina mama msicheke, mwaka 1881 huko Ujerumani ni Fanny Hesse aliyemshauri mumewe aoteshee bakteria humo, maana jelatini ilikuwa inamyeyukia kukiwa na joto, na mpaka leo maabara zinatumia agaraga. Sisi tunachemsha na supu, tunamimina kwenye chupa za jemu, halafu presha kuka dakika 15 kuua vijidudu vilivyomo kwanza, humo joto linafika kama nyuzi 121. Mwanzo tulitumia sufuria ya kawaida, inaishia 100, chupa zote zikaota ukungu tukaanza upya.

Kwahiyo naomba mkikuta chupa za jemu za kioo, na mifuniko yake, msitupe, mtuletee tukifungua. Likizo hii ndizi na choya waacheni wafanye, spiriti ikae mbali na jiko na mkubwa awepo, lakini kuotesha vijidudu nyumbani HAPANA hata akikwambia ni homuweki. Huku shuleni chupa ikishaota haifunguliwi, inarudi kwenye presha kuka kwanza ndo inaoshwa.

Na mwenye presha kuka ya zamani ambayo mpira na valvu bado nzima tunaihitaji sana, ila ujue ikiingia maabara hairudi tena jikoni, usije ukaleta unayopikia maharage.

Mkuu wa shule